Picross DS: kalamu au vitufe? Na Puzzle League, je, nacheza kwa wizi?

mama_wawili_moro

Habari za usiku wana jamvi. Naomba msaada wa wenye uzoefu, na tafadhali asije mtu kuniambia nikacheze magemu ya bunduki.

Kaka yangu anaishi Leicester. Alipotuma mzigo wa nguo za watoto akafutika humo Nintendo DS Lite nyeupe aliyoinunua mtumba, na kaseti tatu: Picross DS, Puzzle League DS na Meteos. Nia yake iwe ya watoto. Watoto wakaichezea kidogo, wakarudi kwenye simu ya baba yao. Mimi ndiye niliyebaki nayo, na sasa hata wakiomba siwapi.

Niko duka la dawa hapa Morogoro, zamu ya usiku. Saa tano ikishapita wateja ni wa kuhesabu: mwenye mtoto wa homa, mlevi anayetaka dawa ya kichwa, basi. Simu nimeichoka. Kila ukimaliza levo moja unaletewa tangazo la mkopo wa haraka, na saa nane usiku mtu anakuimbia kwa sauti ya juu wakati mteja yuko dirishani. DS haina matangazo, na nikiikunja inalala yenyewe, nahudumia, nafungua, naendelea palepale. Kwa hilo tu nampenda kaka yangu.

Sasa shida. Picross ndiyo iliyonikamata. Kwa asiyeijua: una gridi ya viboksi, kila mstari una namba pembeni na kila safu ina namba juu. Ukiona 3 na 5, maana yake mstari huo una viboksi vitatu vya kujaza vinavyofuatana, kisha nafasi, kisha vitano. Ukimaliza yote inatokea picha. Haubahatishi, unafikiri tu. Za 10 kwa 10 nacheza kwa kalamu na raha yangu. Lakini nikiingia 15 kwa 15 kwenda juu, gemu inakuza yenyewe. Naona kipande tu cha gridi, inabidi nihamehame. Nikienda kusoma namba za safu nyingine, nikirudi sijui nilikuwa mstari gani. Nabandika kiboksi jirani na nilipotaka, naongezewa dakika za adhabu, na hasira zote nazimalizia kwenye kalamu.

Puzzle League naishika wima kama kitabu, navuta vigae kwa kalamu, vitatu vya rangi moja vinayeyuka. Tamu sana. Ila mpwa wangu, ambaye anajifanya profesa wa magemu, aliniangalia akasema, "Shangazi, hiyo unacheza kwa wizi, enzi hizo ilichezwa kwa vitufe." Nikanyamaza, lakini imenikaa.

Meteos ndiyo siielewi kabisa. Niligundua nikisugua kalamu juu chini bila kuangalia nashinda. Ndivyo inavyotakiwa?

Swali langu: Picross inanichosha kwa sababu yangu, kwa sababu ya kalamu, au imetengenezwa hivyo? Na kuna menyu ya kupakua picha nyingine kwa intaneti inagoma kila nikijaribu. Nifanyeje?

---

dogo_wa_sinza

Dada pakua emuleta, programu ya kuigiza DS, kwenye simu, gemu zote tatu unazo humo humo, kioo kikubwa, unagusa kwa kidole. DS ya nini 2020 na ushee.

---

mama_wawili_moro

Mdogo wangu, umesoma hata mistari mitatu ya nilichoandika? Simu ndiyo ninayoikimbia.

---

fundi_kirumba

Shikamoo dada kama umenizidi, kama hujanizidi basi habari za kazi. Nina kibanda cha ufundi simu hapa Mwanza, na hivi vidude vya Nintendo navifungua tangu navipata kwenye mizigo ya vifaa chakavu kutoka Dubai. DS yangu mwenyewe ilitoka humo, haina betri wala kalamu. Nilianza kuichezea kwa ncha ya kalamu ya Bic iliyokwisha wino. Kwa hiyo hili la kalamu na vitufe nimelipigia kichwa muda mrefu, na nitaandika kirefu, nivumilie.

Kwanza, tatizo si wewe. Kioo kimoja cha DS kina pikseli 256 kwa 192, na upana wake ni kama sentimita sita. Picross DS inafika gridi ya viboksi 25 kwa 20. Toa nafasi ya namba za pembeni na za juu, gawanya kilichobaki, kila kiboksi kinapata pikseli kama nane. Hiyo ni takriban milimita mbili. Milimita mbili! Ncha ya kalamu ni ya mviringo, mkono umechoka, uko zamu ya usiku: hupati kiboksi cha milimita mbili mara mia nne bila kukosea. Waliotengeneza, kampuni ya Jupiter ya Kyoto, walikuwa na njia mbili tu. Ama wakuache ukosee, ama wakuze gridi. Wakakuza. Ukitumia vitufe hakuna haja ya kulenga, kishale kinaruka kiboksi kwa kiboksi, kwa hiyo gridi yote unaiona mbele yako. Malalamiko yako ndiyo yale yale ambayo wachezaji wa gemu hii wamekuwa nayo tangu ilipotoka 2007.

Pili, kioo chenyewe. Kioo cha simu yako kinahisi umeme mdogo wa kidole. Cha DS kinahisi mgandamizo. Kuna tabaka mbili nyembamba zilizotenganishwa kidogo, ukibonyeza zinagusana na mashine inapima ziligusana wapi. Uzuri wake ni kwamba inakubali kalamu, ukucha, hata njiti. Ubaya wake ni kwamba inajua sehemu moja tu kwa wakati mmoja. Ukilaza kiganja kwenye kioo wakati unaandika, mashine inaona miguso miwili, haijui ichague upi, inakupa sehemu ya katikati. Hapo ndipo kiboksi "kinaruka" na wewe unaapa kwamba uligusa pale. Nimeletewa DS na watu wakisema tachi imekufa, nikawaambia washike kalamu bila kulaza mkono, wakaondoka na DS yao na hela yao. Kabla ya kulaumu chochote, ingia kwenye menyu ya mipangilio ya DS yenyewe, kuna sehemu ya kurekebisha tachi, unagusa alama inazokuonesha taratibu na kwa ncha, siyo kwa ubavu wa kalamu. Na kama kaka yako alibandika protekta yenye kiputo pembeni, ing'oe.

Tatu, jinsi ninavyocheza mimi. 10 kwa 10 kalamu, hakuna mjadala. 15 kwa 15 kwenda juu vitufe, nayo hakuna mjadala. Utaona mwanzoni kimsalaba, kile kitufe cha kusogezea kishale, kinachosha kidole gumba, lakini kuna kitu kalamu haikupi. Chukua mstari wa viboksi kumi wenye namba 3 na 5. Tatu, nafasi moja, tano, jumla tisa. Mstari una viboksi kumi. Kwa hiyo kuna kiboksi kimoja tu cha kuchezea. Ile 3 ama inaanzia cha kwanza ama cha pili, hivyo cha 2 na cha 3 ni lazima vijazwe. Ile 5 ama inaanzia cha 5 ama cha 6, hivyo cha 6 mpaka cha 9 ni lazima. Viboksi sita umevipata bila kugusa mstari mwingine wowote. Kwa vitufe: kishale kwenye cha 2, shikilia kitufe cha kujaza, sogeza mara moja. Achia, sogea mpaka cha 6, shikilia, sogeza mara tatu. Kila msogeo unauhesabu kwa kidole, huhitaji hata kukodolea macho. Kwenye gridi ya 20 mstari mrefu wa 13 unaujaza kwa kuhesabu kimoyomoyo huku macho yako yameshahamia kwenye namba za juu. Kalamu inakulazimisha uangalie mkono wako muda wote, na macho ndiyo unayoyahitaji kusoma namba.

Ukirudi nyuma utaona gemu hii ilizaliwa kwenye vitufe. Fumbo lenyewe ni la Kijapani. Bi Non Ishida alishinda shindano Tokyo 1987 kwa kuchora picha kwa kuwasha na kuzima taa za madirisha ya ghorofa, na kutoka hapo akaja na mafumbo ya gridi. Bwana Tetsuya Nishio naye alibuni ya kwake wakati huohuo bila kuhusiana naye. Mwaka 1990 gazeti la Sunday Telegraph la Uingereza likaanza kuyachapa. Nintendo wakaja na Mario's Picross kwenye Game Boy 1995, gridi mwisho 15 kwa 15, unapewa dakika 30, ukikosea mara ya kwanza zinakatwa mbili, kisha nne, kisha nane nane. Hakukuwa na kalamu wala tachi. Japani ilipendwa, nchi za Magharibi ikadoda, ndiyo maana matoleo yaliyofuata yakabaki Japani mpaka DS ilipofika. Kwa hiyo kalamu kwenye Picross DS ni mgeni aliyekaribishwa. Vitufe ndio wenye nyumba.

Ukitaka kuona fumbo la aina hiyo lililofikiriwa kwa kalamu tangu mwanzo, mwambie kaka yako akutafutie Picross 3D, ile ya kampuni ya HAL Laboratory. Ni mchemraba, unauzungusha kwa kalamu na kuuvunja vipande vipande. Mkono mmoja unashikilia kimsalaba kuchagua kama unavunja au unapaka rangi, mwingine una kalamu. Humo ndani hutamani vitufe hata kidogo, kwa sababu kiboksi kimekuwa kikubwa na unachokigusa kina umbo.

Meteos ni kweli unavyosema, na hujavumbua wewe. Ni ya 2005, ilibuniwa na Masahiro Sakurai, na Tetsuya Mizuguchi alikuwa nyuma yake. Mawe yanashuka, unayasogeza juu na chini tu, siyo kushoto na kulia, ukipanga matatu yanawaka kama roketi na kubeba kilicho juu yake. Kusugua kunakubeba kwenye sayari nyepesi. Nenda kwenye sayari yenye mvuto mkubwa, mzigo unainuka kidogo unarudi, hapo utalazimika kuwasha mara ya pili ukiwa hewani, na kusugua hakutakuokoa. Lakini sikatai: gemu inayompa ushindi mtu asiyeangalia ina kasoro kwenye tachi yake. Mimi nimeiweka kabatini.

Menyu ya intaneti achana nayo. Huduma ya mtandao ya DS ilifungwa tarehe 20 Mei 2014. Hata kabla ya hapo DS Lite ilikuwa inakubali Wi-Fi yenye ulinzi wa zamani sana ama isiyo na nenosiri kabisa, ruta yako ya sasa ingeikataa. Zile picha za kupakua, nyingi zilikuwa za Picross za zamani, hazipatikani tena kwa njia hiyo. Ila kuna sehemu ya kutengeneza za kwako, itumie.

---

dogo_wa_sinza

Fundi umeandika kitabu. Ila hiyo ya kiganja sikuwa naijua, heshima.

---

kushoto_mvita

Asalaam aleikum. Fundi nimekusoma mpaka mwisho na nusu nakubali. Hiyo "hakuna mjadala" ndiyo siikubali, mjadala upo na mimi nimeuleta.

Mie natumia mkono wa kushoto. Tizama Picross imepangwa vipi: namba za mistari ziko kushoto, namba za safu ziko juu. Nikishika kalamu kwa mkono wangu, ngumi yote yafunika namba za mistari. Kila mara nainua mkono, nasoma, nateremsha. Kwa hiyo kama kuna mtu wa kuikataa kalamu ni mimi. Lakini sijaikataa, na nakwambia kwa nini.

Ule mkuzo unaouchukia dadangu wa Morogoro, mie ndio wanitulizao. Nacheza kwenye 3DS XL, yasoma kaseti za DS bila shida, na kioo chake cha chini ni kikubwa kuliko cha Lite. Nikiona gridi nzima ya 25 kwa 20 kwa pamoja macho yangu yatapatapa, nataka kurukia kona ile na ile. Ikikuzwa nabaki kwenye kipande kimoja mpaka nikimalize, na picha nzima iko kioo cha juu kama nataka kuichungulia. Kazi yangu ni ya ushonaji, pengine ndio sababu: nguo yote iko mezani lakini sindano iko mahali pamoja.

Halafu kuna jambo fundi hakulitaja. Kuna modi ambayo haikwambii umekosea. Modi ya kawaida ukijaza pasipo, papo hapo yakupiga dakika. Watu wengi, na mie nimo, twamaliza kwa kuvizia: najaza, ikinyamaza basi ni sahihi. Huko si kufikiri. Kwenye modi huru yakuacha na kosa lako mpaka gridi ipingane yenyewe, urudi nyuma uitafute. Hapo kalamu yaniponza zaidi, kweli, kwa maana kiboksi kimoja kilichoteleza hakina kengele. Lakini ndiko raha iliko. Dadangu, jaribu modi hiyo kwenye zile ndogo kwanza.

Na kwa wanaosema vitufe ndio asili: Picross S ya kwanza ya Switch, mashine mpya zaidi ya Nintendo, 2017, ilitoka na vitufe vitupu, kioo cha kugusa kipo lakini hakifanyi kazi humo. Watu wakalalama. Tushazoea kalamu, fundi, mgeni kakaa mpaka kawa wa nyumbani.

---

fundi_kirumba

Waaleikum salaam dada wa Mvita. La ngumi kufunika namba umenifundisha, mimi wa kulia sijawahi kuliwaza. Na modi huru nakuunga mkono asilimia zote. Ila kwenye 25 kwa 20 kwa kalamu sihami. Wewe una kioo cha XL, dada yetu ana cha Lite, hampigani vita moja.

---

mzee_wa_chain

Mimi nazungumzia Puzzle League tu, Picross nawaachia wenye subira.

Mpwa wako ana hoja, dada, japo neno "wizi" amelitia chumvi. Nilikulia Muscat, na nyumbani kulikuwa na Super Nintendo yenye kaseti ya Tetris Attack. Usidanganyike na jina, haina uhusiano na Tetris. Ni gemu ya kampuni ya Intelligent Systems iliyotoka Japani 1995 ikiitwa Panel de Pon, ilipopelekwa Magharibi 1996 wakaivisha Yoshi, yule mhusika wa gemu za Mario, na jina la kuuzia. Puzzle League yako ni mtoto wa hiyo hiyo.

Uwanja una safu sita. Kwenye ile ya vitufe una kishale cha upana wa vigae viwili, na kazi yake ni moja, kubadilishana vigae viwili vilivyo jirani. Kigae kiko mwisho kulia unakitaka mwisho kushoto: badilisha mara tano, na kila mara usogeze kishale. Wakati huo rundo linapanda kutoka chini. Kwa hiyo unajifunza kutokutaka kigae cha mbali. Unaangalia kilicho karibu, unapanga njia fupi, unaweka kishale mahali ambapo kitahitajika baadaye kabla hakijahitajika. Hiyo ndiyo gemu. Dada zangu walikuwa wananipiga kila siku kwa sababu walikuwa wanafika kabla yangu, si kwa sababu walikuwa wanaona zaidi yangu.

Kalamu inafuta yote hayo. Unagusa kigae cha kulia, unakiburuta mpaka kushoto kwa mkupuo mmoja. Umbali umekufa. Na chain, yaani vigae vikiyeyuka, vya juu vinaanguka na kuyeyusha vingine, na vingine tena, zamani kuidaka ya nne au ya tano ulikuwa unamwagika jasho, sasa unatembeza kalamu chini ya vinavyoanguka na kuzidaka moja moja. Ni rahisi mno. Nikicheza na mtu mwenye kalamu, mimi nikiwa kwenye vitufe, sina nafasi.

Sikatai kwamba tamu. Ila ni gemu nyingine.

---

kushoto_mvita

Mzee, sasa kama hukatai kwamba tamu, dadangu ana kosa gani?

---

mzee_wa_chain

Kosa hana. Aambiwe tu kwamba mpwa wake hakuzusha.

---

fundi_kirumba

Mzee wa chain, nakuheshimu, lakini hapo umehesabu upande mmoja. Ni kweli kalamu imeua umbali. Kwa hiyo kilichokuwa kinakuchelewesha si mkono tena, ni macho. Pandisha spidi mpaka juu, weka watu wawili wote wana kalamu, uone. Anayeshinda ni anayeona chain ya tatu wakati ya kwanza bado inayeyuka. Zamani ulikuwa unaiona na hufiki. Sasa ukishindwa, ujue hukuiona. Kwangu mimi hiyo ni ngumu zaidi, na inauma zaidi, kwa sababu huna kishale cha kukisingizia.

Na ndiyo maana nikasema kila gemu na chombo chake. Puzzle League inakimbia, viboksi vyake ni vikubwa, sita tu kwa upana, unalenga bila kufikiri: kalamu ni yake. Picross haikimbii, viboksi ni vidogo mpaka aibu, na kukosea kunalipiwa: vitufe. Mtu akiniambia "gemu za tachi ni nzuri" au "ni mbaya" namuuliza, kiboksi chake kina milimita ngapi?

Dada akitaka vitufe aingie kwenye mipangilio ya Puzzle League, DS inashikwa kawaida na kimsalaba kinafanya kazi. Acheze na mpwa kwa sheria za mpwa, aone.

---

mama_wawili_moro

Nimerudi. Usiku wa jana ulikuwa mtulivu, mvua ilinyesha, hakuna aliyetoka nyumbani, kwa hiyo nimejaribu kila mlichosema.

Tachi nimeirekebisha. Protekta kweli ilikuwa na kiputo upande wa kulia, nimeing'oa, na lile la kuruka limepungua sana. Kiganja bado najisahau. Nimezoea kuandika kwenye daftari la dawa, mkono unalala wenyewe.

Vitufe kwenye 15 kwa 15: mwanzoni nilikuwa naona kama naendesha gari la mtu. Kila nikitaka kujaza naweka X, alama ya kiboksi kitupu, kila nikitaka X najaza. Halafu ikakaa. Ile ya kushikilia na kuhesabu, fundi, Mungu akubariki, nilikuwa na mstari wenye namba 11 kwenye viboksi 15 nikajaza saba za katikati nikiwa naangalia juu, sikuangalia kidole. Nilimaliza picha, ikawa ni ndege, ikapata rangi ikapiga mabawa. Gridi yote nilikuwa naiona. Hasira hakuna.

Lakini dada wa Mvita, modi huru imenishinda nguvu. Nilifika karibu na mwisho wa 10 kwa 10, safu moja ikadai viboksi vinne na mstari unakataa, kosa liko mahali sijui. Nilifuta zote. Mteja akaja kuchukua dawa ya kikohozi akaniuliza, "Dada, kuna msiba?" Nitairudia modi hiyo, ila siyo wiki hii.

Mpwa nilimpa DS, nikamwambia tucheze kila mtu zamu yake kwa vitufe kama anavyotaka yeye, tulinganishe pointi. Sijui mzee wa chain alikuwa anajificha wapi, kwa sababu profesa wangu hakuwahi kushika vitufe vya Puzzle League maishani mwake. Maneno yale aliyaona kwenye video. Alinishinda hata hivyo, vidole vya watoto wa siku hizi vina injini. Sasa anaomba kalamu.

Nina swali la mwisho. Kaka anasema ameona Picross 3D inauzwa mtandaoni kwa bei ya kutupa, muuzaji ana nyingi tena mpya kabisa, lebo inang'aa. Anunue? Na je, ya Uingereza itakubali kwenye DS hii, au mpaka iwe ya nchi moja?

---

fundi_kirumba

La nchi lisikusumbue. Kaseti za DS za kawaida hazina mipaka, ya Marekani, ya Japani, ya Ulaya, zote zinasoma kwenye Lite. Ila ya Japani maandishi yatakuwa ya Kijapani, na Picross 3D ina mafunzo ya kusoma mwanzoni, chukua ya Uingereza.

Hiyo ya "nyingi tena mpya kabisa" kwa bei ya kutupa inanitia shaka. Kaseti ya gemu ya 2010 haiwi mpya kwa mafungu. Feki nyingi zinawaka vizuri tu, unacheza, unafurahi, kisha kumbukumbu haihifadhi au inajifuta. Kwenye gemu ya mafumbo mamia hilo ndilo litakalokuua. Mwambie kaka amwombe muuzaji picha ya nyuma ya kaseti, upande wa meno ya dhahabu, siyo lebo. Alinganishe na zile tatu ulizonazo: plastiki, maandishi yaliyochongwa, nafasi ya meno. Muuzaji akikataa kupiga picha ya nyuma, akanunue kwa mtu anayeuza moja, iliyochakaa, lebo imekwaruzika.

---

dogo_wa_sinza

Dada nauliza tu kwa utulivu, ile Meteos kama huitumii unaiuza?

---

mama_wawili_moro

Si ulisema DS ya nini?

---

dogo_wa_sinza

Bro angu anayo moja stoo, imevunjika kalamu.

---

fundi_kirumba

Bic iliyokwisha wino, dogo. Usitumie yenye wino. Na ncha ya chuma iangalie, ikiwa imechubuka itachana kioo, afadhali ule mfuniko wake wa plastiki.